Sindano Ubavu wa Kushoto

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nikae kwenye kigoda nitazame tangi lisilo na samaki. Mzee Msimamizi, Mha wa Mwandiga aliyekuwa mkubwa wa nyumba yetu ya kuuza samaki hai wa mapambo pale ufukweni Kigoma, alinibebea kigoda mwenyewe, akakiweka mbele ya kioo, akanisalimu kwa Kiha chake, "Mwakeye, mwanangu. Kazi yako ya leo ndiyo hii. Ukiona kitu kimebadilika, niite." Nikatazama. Kulikuwa na mchanga, mawe, maji, na mapovu yakipanda kutoka kwenye mpira wa hewa. Jua halijakaza, nilikuwa nimekwisha kusimama na kuketi mara sijui ngapi.

"Mzee, humu hamna kitu," nikamwambia.

"Kimo, Tausi. Hukioni kwa sababu una haraka."

Ni kweli nilikuwa na haraka, na bado ninayo. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema kwamba hata uji nilikuwa naunywa nimesimama. Kazi ile ilitaka mtu mtulivu, nami niliipata si kwa sifa zangu bali kwa ajili ya mume wangu. Shabani alikuwa mzamiaji wa nyumba ile. Tulioana Ujiji, tukapanga chumba Buzebazeba, na alipochoka kuniona nikizunguka chumba kizima kwa ufagio alimwomba Mzee Msimamizi anipe kazi.

Ninyi mnaofuga samaki sebuleni siku hizi mnanunua tangi asubuhi na jioni samaki wanaogelea, kisha wiki ya pili mnalia kwamba mmeuziwa samaki wagonjwa. Hamkuuziwa wagonjwa. Mmewatia kwenye maji mabichi. Samaki hujisaidia ndani ya maji yale yale anayovuta pumzi, na uchafu wake hugeuka sumu. Wapo vijidudu wasioonekana kwa macho wanaoila sumu hiyo, nao hujijengea makazi yao polepole kwenye mchanga, kwenye mawe na kwenye sifongo ya chujio. Mpaka wawe wengi ni wiki kadhaa. Sisi tuliyaita maji yaliyokomaa. Ukitaka kuyakomaza upesi, chukua sifongo kuukuu kutoka tangi la zamani uikamulie kwenye tangi jipya, maji yachafuke kabisa, uyaache yatulie. Ndicho alichokuwa akinionyesha Mzee siku ile, nami sikukiona.

Mengine niliyajifunza kwa kukaripiwa. Tangi huoshwa kwa chumvi na kitambaa, kamwe si kwa sabuni. Mawe hupangwa kwanza, yakakaa juu ya kioo cha chini, ndipo mchanga humwagwa, maana samaki wetu ni wachimbaji na jiwe lililokaa juu ya mchanga huja kuporomoka likapasua kioo. Maji ya ziwa letu ni mazito, yana chokaa yake, kwa hiyo usiwape samaki hawa maji ya mvua ukidhani unawafanyia hisani. Usibadilishe maji yote mara moja. Toa kiasi, tia kiasi. Na umeme ukikatika, jambo ambalo Kigoma halikuhitaji kuombewa, pampu inasimama, nawe unachukua kikombe, unachota maji na kuyamimina kutoka juu ili yaingie hewa, tangi baada ya tangi, mpaka umeme urudi au mkono ukatike.

Lakini sheria iliyozidi zote ilikuwa ya ghuba. Mtu asiyejua hudhani samaki wa aina moja ni mmoja ziwa zima. Sivyo. Samaki wa kwenye mawe hawavuki mchanga kwenda mawe mengine, wanazaliana pale pale vizazi na vizazi, na kila ghuba ina rangi yake. Yupo mmoja mwenye nundu kwenye paji la uso na mistari meusi ubavuni, sisi tulimwita Nundu. Wa kwetu Kigoma ana mstari mmoja zaidi ya wa upande wa Burundi, na wa kusini kule Kongo ana buluu ya wino. Ukiwachanganya kwenye tangi moja watazaa watoto wasio wa ghuba yoyote, na mnunuzi hawataki. Kwa hiyo kila tangi lilibandikwa jina la ghuba, na Mzee Msimamizi alikuwa akisema, "Ukikosea jina, umempoteza samaki akiwa hai."

Nundu hukaa kilindini. Ukimpandisha haraka, kibofu cha hewa kilichomo tumboni mwake hutanuka, naye huelea tumbo juu na kufa. Wazamiaji waliwapandisha kwa vituo, hapa wanangoja, pale wanangoja. Hata hivyo wengine walifika juu wamevimba, na hao walichomwa sindano nyembamba ya hospitali, chini ya gamba, hewa ikatoka kwa mapovu madogo. Ukichoma vibaya umeua. Wazamiaji wote walimchoma samaki ubavu wa kulia. Shabani peke yake, kwa kuwa alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, alichoma ubavu wa kushoto. Ningeweza kupita kwenye matangi nikajua huyu ni wa Shabani, huyu si wake, kwa kovu dogo kama chembe ya mtama. Nilikuwa nikifanya hivyo asubuhi anapokuwa safarini, na sioni haya kusema nilikuwa nikiwasalimia.

Ikaja miaka ya wakimbizi. Kwanza walitoka Burundi, wakapita kwa miguu na kwa boti, kisha Kongo nayo ikawaka. Boti zilizokuwa zikileta dagaa na mafuta ya mawese zilileta watu. Wakati huo Shabani alikuwa amepelekwa kusini, ng'ambo, kwenye ghuba ya Nundu wa buluu, kwa kazi ya miezi. Hakuwa mgeni kule. Kila mwaka alikwenda na kukaa, na kila akirudi alikuwa amenenepa, nami nikamsifu kwamba samaki wa kule wana mafuta. Vita vilipofika pwani ile, wenzake waliokuwa na boti walirudi. Yeye alikuwa amepanda milimani kutafuta mihogo siku waliyokimbia. Hawakumngoja. Sikuwalaumu mbele yao.

Tangu hapo sikukaa. Asubuhi kabla ya kazi nilikwenda Kibirizi kutazama boti zinavyotua. Jioni nikarudi tena. Nilitazama nyuso za watu waliolowa mpaka nikaota nyuso. Watu wakaniambia subira yavuta heri. Nimeichoka methali hiyo tangu wakati ule. Anayeisema mara nyingi ni yule ambaye wa kwake wote wako nyumbani.

Ni katika hali hiyo Mzee Msimamizi aliponihamisha. Shirika moja la misaada lilikuwa limeleta mratibu mpya, Mtanzania mwenzetu kutoka Mbeya, naye alitaka tangi la samaki nyumbani kwake mlimani. "Nenda ukamtengenezee, ulitunze," Mzee aliniambia. "Pale pana redio ya upepo. Wanazungumza na boti na kambi siku nzima. Masikio hayalipiwi." Nikaenda.

Bwana Mratibu alikuwa mtu mwema aliyelala kidogo. Nilipomwambia tangi litakaa wiki kadhaa bila samaki alinitazama kama ninamwibia.

"Mama, mimi nahudumia watu elfu na elfu. Sina muda wa kufuga maji."

"Bwana Mratibu, hata mimi sina," nikamjibu, "ila samaki nao hawajui sisi tuna kazi nyingi."

Akacheka, akaniacha. Nilipomletea samaki wa mawe, wale wanaokula ukungu wa kijani, nilimkataza nyama. Akawapa nyama ya kusaga, kwa huruma, kwa sababu aliwaona wakiparura mawe akadhani wana njaa. Wakavimba matumbo, wakaanza kufa mmoja mmoja. Matumbo ya samaki hao ni marefu kwa ajili ya majani, nyama huozea ndani. Nikawafungisha walionusurika, siku za mfungo bila chochote, kisha mchicha uliochovywa kwenye maji ya moto. Na muda wote nikifuta vioo sikio langu liko kwenye redio. Boti imetoka wapi, imebeba wangapi. Majina hayakutajwa kamwe.

Ndipo dumu likaja. Mwenye boti mmoja wa Ujiji, jirani yetu, alilileta nyumba ya samaki begani. Dumu la manjano lililokatwa mdomo, limefunikwa wavu, na ndani Nundu wa buluu, wadogo, wote hai.

"La nani?" nikamuuliza.

"Sijui, Tausi. Nimewashusha watu wengi kuliko dagaa, lori la mapokezi likawachukua, dumu likabaki. Nikasema kitu hai ni cha kwenu huku."

Nikamtoa samaki mmoja kwa mkono. Tumbo lilikuwa jembamba lakini halijabonyea, maana yake alikuwa amefungishwa makusudi kabla ya safari ili asichafue maji. Hiyo si kazi ya mvuvi, mvuvi hafungishi kitoweo. Nikamgeuza. Ubavu wa kushoto, chini ya gamba, alama ya sindano, mbichi, bado ina wekundu. Nikamtoa wa pili. Kushoto. Wa tatu, kushoto. Nililia pale pale nikiwa nimeshika samaki, na Mzee Msimamizi akaninyang'anya asije akafa mkononi mwangu.

Alikuwa hai. Siku chache tu nyuma mkono wa Shabani ulikuwa umeshika sindano. Nilikwenda mbio mlimani kwa Bwana Mratibu, naye bila kuuliza mara mbili akanipeleka kituo cha mapokezi, wakaita jina lake kwa kipaza sauti. Walikuja Shabani watatu, mmoja mzee kabisa. Wangu hakuwepo. Basi, nikasema, yuko bado ng'ambo na anawatuma samaki watangulie. Kulikuwa na wodi ya wagonjwa wa kipindupindu iliyozungushiwa kamba, haingiliki, nikauliza kama yumo mwanamume wa Ujiji. Wakasema hayumo. Nilitafuta mwanamume.

Juma lile wakwe zangu walikuwa wamepanga kumsomea hitima. Mashemeji walikuja Buzebazeba na mchele na heshima zao, wakaniambia kwa upole kwamba ndugu yao amekwenda na wakati umefika wa kumwombea. Nikawarudisha na mchele wao. "Msimsomee hitima mtu anayechoma samaki," niliwaambia. Walidhani nimerukwa na akili. Nikapaka chumba chokaa, nikashona mapazia, nikanunua kanzu. Nilikuwa sikai wala silali, nikatengeneza tangi zima kwa ajili ya wale wa buluu, nikabandika jina la ghuba, na kila asubuhi niliwaambia mwenyewe anakuja.

Wiki kadhaa baadaye wazamiaji walirudi na mzigo mbaya. Dhoruba iliwakuta, wakapandisha haraka, na beseni zote zilikuwa na Nundu wanaoelea tumbo juu. Sote tulikuwa na sindano mikononi, tunagombana, tunakanyagana. Mlangoni alikuwa amesimama mwanamke mwembamba, kanga moja, ametoka kuugua kipindupindu, ukimwona unajua.

"Jambo, mama," akaniambia. "Niko natafuta dumu yangu. Ya manjano. Balisema iko hapa."

"Ngoja kidogo, dada, unaona tunavyohangaika," nikamwambia, na maneno yenyewe hata hayakuniingia.

Hakungoja. Aliingia, akachutama kwenye beseni la karibu, akaokota sindano. Alimshika samaki kama mtu aliyezoea. Alitumia mkono wa kulia, lakini kabla ya kuchoma alipindisha kiwiko, akamzungusha samaki kwa shida mpaka ubavu wa kushoto ukaja juu. Akachoma. Hewa ikatoka. Akamwachia, samaki akazama vizuri. Akaokota mwingine, akampindua vile vile.

"Mbona unamgeuza?" nikamuuliza. "Wewe ni wa mkono wa kulia. Huku ndiko rahisi."

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Bwana yangu alinifundishaka hivi. Mimi sikujua kama kuna upande mwingine."

Sikuuliza jina la bwana yake. Nilimwuliza yuko wapi.

"Tulimuzika," alisema. "Homa ilimukamata kule mulimani, dawa hapana. Ile samaki kaka zangu balivua na ndoano, mimi nikachoma, nikaifungisha, maana alisemaka mimi nikifika na samaki mzima hapa, nitapokelewa." Kisha, taratibu, kwa sababu alikuwa ameanza kunielewa kwa uso wangu, "Alisema nitakuta mama mukubwa. Alisema ni mutu wa haraka, lakini haina roho mubaya."

Jina lake ni Feza. Nilimchukia siku ile kwa moyo wangu wote, na sitaki msomaji adhani vinginevyo. Nilimchukia kwa kuwa ni yeye aliyemzika, si mimi. Nilimchukia Shabani kwa unene wake wa kila mwaka, kwa kunisomesha uvumilivu huku ana nyumba ya pili. Zaidi ya yote niliuchukia ule mkono wa kulia wa Feza, uliojua kazi kiasi cha kunidanganya. Ningeletewa samaki waliokufa ningekuwa nimeshalia na kumaliza. Mzee Msimamizi alituondoa wote wawili kwenye beseni, akatuketisha, akatuletea chai. Alikaa nasi mpaka ikapoa, hakusema methali yoyote, na kwa hilo ninamshukuru mpaka kesho.

Hitima ilisomwa Ujiji, mchele ule ule. Feza alikaa upande wa wanawake, nami nilimkalisha karibu yangu kwa sababu watu walikuwa wanatazama, na baadaye kwa sababu alikuwa anatetemeka. Lori la kambi lilipopangwa, nilikwenda mlimani nikamwambia Bwana Mratibu kwamba huyu ana nyumba mjini. Akauliza ni nani kwangu. Nikasema mke mwenzangu. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka. Akashughulikia kibali.

Tulifanya kazi pamoja miaka mingi. Msidhani tulipendana upesi, hayo nayo hukomaa kwa wakati wake. Tuligombana juu ya chujio, juu ya chumvi, juu ya nani alimjua zaidi. Yeye alikuwa mpole na mimi nilikuwa moto, kwa hiyo yeye alipewa samaki wanaotamia mayai mdomoni, mama wasiotaka kushtuliwa, na mimi nikapewa wanunuzi. Mzee Msimamizi alistaafu, akaja Meneja kijana aliyetuita wote wawili "Mama Nundu", tukaitika wote. Mwisho magoti yangu yakakataa kuchutama, nami nikastaafu bila sherehe, nikaaga tangi baada ya tangi.

Mnaniuliza, ninyi vijana, kazi imenifunza nini. Imenifunza kujua maji yaliyo salama na yasiyo salama. Subira sikujifunza. Nilijifunza kufanya kazi inayotaka subira nikiwa sina, na nadhani wengi mnaoishi mjini mnalijua hilo. Ninaogopa pia kusoma alama kuliko nilivyokuwa naogopa ujanani. Kila nikimwona mtu anasema ana hakika, mkono wangu wenyewe hukumbuka ule ubavu na wekundu wake.

Kulipotulia ng'ambo, Feza alitaka kwenda kuona ndugu zake, akaniambia twende. Nikapanda boti, mimi niliyebandika jina la ghuba ile kwenye vioo maisha yangu yote bila kuiona. Maji yake ni meusi, mawe yanaingia moja kwa moja kilindini. Kaburi liko juu kidogo, penye minazi michache na mihogo ya mtu. Njia nzima nilikuwa nimeyapanga maneno ya kumwambia Shabani. Yalikuwa makali, nilikuwa nimeyanoa kwa miaka, na haki ilikuwa yangu.

Feza alisimama nyuma yangu. "Anza weye, mukubwa," akasema.

Nikasoma Fatiha. Nikafungua mdomo, na katika yote niliyokuwa nimeyapanga sikuona la kusema, isipokuwa jibu la swali ambalo mzamiaji yeyote huuliza kwanza akirudi nyumba ya samaki. Nikamwambia walifika wazima, hakufa hata mmoja.